Moringa katika lupango (kiwanja cha nyumba) ya Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka, kuanzia Septemba, wanaokuja kwenye kitalu chetu pembeni ya Lubumbashi kununua miche ya moringa wanatuletea maswali yaleyale. Wengine wamesikia kwamba mti huu unaponya kila ugonjwa, wengine kwamba unageuza udongo mbovu kuwa mzuri, wengine kwamba mtu akipanda miti ishirini ataacha kazi. Tunauza miche, lakini hatutaki kumuuzia mtu ahadi. Majibu yafuatayo ni yale tunayoyatoa tukiwa tumesimama katikati ya mifuko ya udongo, mikono ikiwa michafu.

Moringa na mlonge ni mti mmoja?

Ndiyo. Pwani wanauita mlonge au mronge, wengine mzunze. Hapa kwetu karibu kila mtu anasema moringa tu. Asili yake ni kaskazini mwa India, chini ya milima ya Himalaya.

Ni kweli kwamba moringa inarutubisha udongo?

Inategemea majani yake unayapeleka wapi. Naomba uwe na subira hapa, kwa sababu ndipo watu wengi wanapodanganyika.

Maharage, karanga, mbaazi na ndugu zao wana vifundo kwenye mizizi. Ndani ya vifundo hivyo mnaishi bakteria wanaokamata nitrojeni ya hewani na kuilisha mimea. Moringa haina vifundo hivyo. Ina maganda marefu kama ya kunde, na ndiyo maana watu wanaihesabu katika ukoo huo, lakini ukoo wake ni mwingine kabisa. Nitrojeni yote unayoiona katika ubichi wa majani yake imetoka ardhini.

Sasa piga hesabu. Unga wa majani makavu ya moringa una protini karibu asilimia 25. Kilo 100 za unga zina kilo 25 za protini, na ndani ya protini hiyo mna nitrojeni kilo 4. Mbolea ya urea ina nitrojeni asilimia 46, kwa hiyo kilo 100 za unga zikitoka katika shamba lako ni sawa na kubeba karibu kilo 9 za urea kutoka ardhini na kuzipeleka sokoni. Ongeza na kalsiamu, kama kilo 2, pamoja na potasiamu. Ukifanya hivyo miaka mitatu bila kurudisha kitu, udongo utakuwa maskini kuliko ulivyokuwa kabla hujapanda. Nimeona mashamba ya namna hiyo: mwaka wa kwanza majani yanatisha kwa wingi, mwaka wa tatu machipukizi ni membamba na ya manjano, na mwenye shamba anasema mbegu ilikuwa mbaya.

Upande wa pili wa hesabu ni huu. Moringa iliyoota kwa mbegu ina mzizi mkuu unaoshuka chini sana kuliko mizizi ya mahindi au ya lengalenga (mchicha). Unavuta madini ambayo mvua imeyazamisha na kuyapandisha hadi kwenye majani. Majani yenyewe ni laini, yanaoza upesi. Yakianguka au ukiyakata na kuyatandaza palepale, udongo wa juu unapata chakula ambacho mboga zako zisingekifikia. Na kivuli chake ni chepesi, matembele chini yake hayafi kwa giza.

Kwa hiyo amua mapema: miti hii ni ya kuuza majani, au ya kulisha udongo? Ukitaka vyote viwili, panda mbaazi katikati ya mistari, rudisha vijiti na mabua yote, na lete samadi ya kuku kila mwanzo wa mvua.

Nimesikia mtu anaweza kupanda miche midogo na kuizika udongoni kama mbolea. Inafanywaje?

Ni njia ya kweli, na ni nzuri. Unalima, unapanda mbegu kwa wingi, nafasi ya sentimita 10 kila upande, kina cha sentimita 1 hadi 2. Baada ya siku kama 25 miche bado ni laini kama mboga. Unaifukia yote ndani ya udongo, kina cha sentimita 15 hivi. Acha wiki mbili ioze, kisha panda mahindi au mboga.

Ugumu uko kwenye mbegu. Kwa nafasi hiyo, mita 10 za mraba zinataka mbegu 1,000, karibu gramu 300. Kitanda cha mita 5 kwa 10 kitakula kilo moja na nusu. Ukilazimika kununua mbegu hizo, usijaribu: kwa bei hiyohiyo utapata mifuko mingi ya samadi. Lakini ukiwa na miti yako miwili au mitatu iliyokomaa, kila ganda lina mbegu kumi na kitu hadi thelathini, na mti mmoja unabeba maganda mengi. Hapo mbegu zisizo na mnunuzi zinapata kazi. Mimi hutumia zile za mwaka uliopita, ambazo siwezi kumuuzia mtu kwa sababu nusu yake haitaota, na nazipanda karibukaribu zaidi.

Usisahau pia kwamba hata hapa moringa haileti nitrojeni mpya. Inakusanya ile iliyotawanyika na kuiweka mahali ambapo mahindi yataifikia. Kwa hiyo changanya na mbegu za kunde au maharage katika kitanda hichohicho, ufukie vyote pamoja.

Udongo wetu ni mwekundu na mgumu. Moringa itakubali?

Itakubali, ila itakua polepole kuliko unavyosoma katika matangazo. Udongo mwekundu wa Lubumbashi una uchachu (tindikali), na una chuma na alumini vinavyokamata fosforasi na kukataa kuiachia mimea. Moringa inavumilia uchachu kiasi, lakini inafurahi pale ambapo uchachu umepungua. Majivu ya mbabula (jiko la mkaa), yale meupe ya makala safi, yaani mkaa, yanasaidia: mkono mmoja au miwili kwa shimo, uyachanganye vizuri na udongo, usiyarundike kwenye shina. Chokaa ni bora zaidi ukiipata.

Kitu ambacho moringa haisamehi ni maji yaliyotuama. Mvua za Januari zikijaza shimo, mzizi unaoza kwa siku chache na mche unalala kama mgonjwa. Kama lupango yako iko bondeni, panda juu ya tuta.

Na udongo wa kichuguu?

Hazina ambayo tunaikalia. Kila anayetoka mjini kuelekea Kipushi au Likasi anaviona vile vichuguu virefu kuliko nyumba. Mchwa wamepandisha udongo wa chini kwa miaka mingi sana, na udongo huo una kalsiamu zaidi na uchachu mdogo kuliko ule wa pembeni yake. Watu wanauchoma kuwa matofali, na hilo si kosa, watu wanahitaji nyumba. Lakini ukipata toroli moja au mbili, uponde, uchanganye na mboji, kisha ujaze mashimo ya miche. Uwe na mboji kweli, kwa sababu udongo wa kichuguu peke yake una mfinyanzi mwingi na unashika maji.

Hakikisha kichuguu kimekufa kabla hujakileta nyumbani. Mchwa hai wanapenda mche mchanga wa moringa kuliko wewe unavyoupenda.

Naishi karibu na mahali palipokuwa na kiwanda cha shaba. Nipande?

Mti wa kivuli, ndiyo, panda. Mti wa kula majani, hapana. Juu ya hili hatubadilishi jibu hata mteja akikasirika.

Tanuri la kuyeyushia shaba la Lubumbashi lilianza kazi mwaka 1911, na moshi wake ulipeperushwa miaka na miaka na upepo wa kusini-mashariki. Udongo wa upande wa kaskazini-magharibi, Penga-Penga hasa, ulibaki na shaba, zinki, risasi, kadmiamu na arseniki. Kuna sehemu ambapo haikuota tena kitu ila nyasi fupi zinazovumilia shaba. Moringa inavuta madini kutoka chini na kuyaweka kwenye majani, na hiyo ndiyo sababu tunaipenda. Mti haujui kuchagua kati ya kalsiamu na risasi. Unga wa majani umekaushwa, maana yake kila kilichomo kimekusanyika mahali padogo, na unga huo mara nyingi ni wa mtoto anayeanza kula uji.

Vivyo hivyo kwa lupango zilizopo kando ya barabara za malori ya madini, zilizojazwa udongo wa machimbo au zinazomwagiliwa maji ya mto unaopokea maji ya viwanda. Kama hujui historia ya udongo wako, waulize wazee wa mtaa ulikuwaje kabla ya nyumba. Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimechunguza udongo huu kwa miaka mingi, na huko unaweza kuuliza jinsi ya kupima.

Chokaa na mboji nyingi zinapunguza shaba inayoingia kwenye mmea, lakini haziondoi risasi. Kwa mahali pa namna hiyo, panda majani yako ya kula ndani ya magunia au ndoo kuukuu zilizojazwa udongo uliotoka mbali.

Nipande mwezi gani?

Otesha kwenye mifuko Septemba mwishoni au Oktoba mwanzoni. Hamishia ardhini kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Desemba. Mvua ya kwanza ya Oktoba inadanganya: inanyesha mara moja, watu wanakimbia na miche, halafu jua linarudi wiki mbili. Mwaka mmoja nilihamisha miche zaidi ya mia mbili baada ya mvua moja ya namna hiyo, nikazika zaidi ya nusu yake.

Kupanda baada ya Februari ni kuuandaa mche kwa baridi ya Juni ukiwa bado hauna nguvu.

Mbegu au kijiti?

Kwa ua wa lupango, kijiti kinatosha: kipande kigumu, unene kama mkono wa mtoto, urefu wa mita moja hivi, theluthi yake ndani ya ardhi. Kinashika upesi. Lakini mti wa kijiti hauna ule mzizi mkuu wa kushuka chini. Unategemea mizizi ya juujuu, kwa hiyo unateseka kiangazi na unaangushwa na upepo. Kama lengo lako ni udongo, panda mbegu.

Miche inaoteshwa vipi?

Loweka mbegu usiku mmoja na mchana wake. Jaza mifuko: sehemu tatu za udongo mweusi au wa kichuguu kilichopondwa, sehemu moja ya mchanga, na mboji iliyoiva kabisa. Vifuko vitupu vya maji ya kunywa vinafaa ukivitoboa chini, ila ni vifupi, kwa hiyo mche usikae humo zaidi ya wiki nne, mzizi utajikunja. Weka mbegu mbili kwa kila mfuko, kina cha sentimita 1 hadi 2. Zitatoka kati ya siku ya 5 na ya 12. Mwagilia asubuhi, kidogo. Wengi wanaua moringa kwa maji, si kwa kiu.

Mche ukifika kimo cha mkono kutoka kiwiko hadi vidole, uko tayari. Chimba shimo la nusu mita, hata kama mche ni mdogo, kwa sababu ule mzizi ukigonga sakafu ngumu mti mzima unasimama kukua. Usiguse mizizi wakati wa kuondoa mfuko. Zungushia matawi ya miiba: mbuzi wa jirani hataomba ruhusa.

Nikikata mti wangu, utachipua tena? Niukate wapi?

Utachipua. Kati ya miti yote ninayoishughulikia, hakuna unaosamehe panga kama huu. Lakini kuna kukata na kukatakata.

Mche unapofika kiunoni, mita 0.6 hadi 1, minya kile kichwa cha juu kwa kucha. Usiuhurumie. Ukiuacha uende utakuwa fito ndefu yenye majani juu kabisa, na mama atahitaji ngazi ili apike. Ukiuminya, unatoa matawi ya pembeni. Matawi hayo yakifika urefu wa dhiraa, yaminye tena. Ndani ya msimu mmoja una kichaka.

Mti uliokwisha kurefuka unaukata kwenye shina, kimo cha mita moja au chini kidogo, panga likiwa kali, mkato ukiwa wa mshazari ili maji ya mvua yasikae juu. Panga butu linapasua gome, na pale penye mpasuko ndipo panapoanza kuoza. Baada ya wiki mbili hivi utaona machipukizi mengi, pengine kumi, yanasukumana. Hapa watu wanakosea kwa furaha: wanayaacha yote. Chagua manne au matano yenye nguvu, yaliyokaa pande zote za shina, na uondoe mengine. Uliyoyaondoa ni mboga ya jioni hiyo.

Wakati wa mvua, majani yako tayari kuvunwa tena baada ya siku 35 hadi 45. Kiangazi, mara mbili ya muda huo au zaidi. Usivune kwa kalenda, angalia mti. Chipukizi likiwa na urefu wa nusu mita na majani yake yamekolea, vuna. Na kila unapovuna, acha majani machache juu ya shina, mti uwe na kitu cha kulia.

Kila mkato ni deni. Mti unachipua kwa akiba iliyo kwenye mzizi, na mzizi unaijaza tena kwa kile kilichopo ardhini. Baada ya mavuno mawili, weka mboji kwa kila mti, uizungushe mbali kidogo na shina, kisha funika kwa nyasi kavu. Tithonia, ile alizeti ya porini yenye maua ya manjano inayoota kando ya njia, ni nzuri mno kwa kazi hii: kata kabla haijatoa mbegu, tandaza chini ya moringa. Inaoza upesi na haikugharimu kitu ila jasho.

Ni Juni, moringa yangu imemwaga majani yote. Imekufa?

Hapana. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai joto linashuka chini ya nyuzi 10. Mti wa nchi za joto unajikunyata. Kwaruza gome kwa kucha: ukiona kijani chini yake, uache. Usiukate wakati huo na usiumwagilie kila siku. Mwishoni mwa Agosti utaamka wenyewe, na hapo ndipo pa kuukata.

Maji ya majani ya moringa yanakuza mboga?

Majani machanga yana kitu kinachoitwa zeatini, kinachochochea chembe za mmea kugawanyika. Ponda majani laini pamoja na maji kidogo, kamua, chuja kwa kitambaa, kisha changanya kikombe kimoja cha maji hayo na vikombe thelathini vya maji safi. Nyunyizia mboga jioni, siku hiyohiyo uliyokamua, maana yakilala yanachacha. Usitegemee kwamba yatachukua nafasi ya mbolea. Ni kichocheo, na mmea wenye njaa ukichochewa unabaki na njaa.

Kuna pesa gani ndani yake?

Kuna pesa, ila si ile wanayoipigia debe. Niseme yale tunayoyaona.

Miche inauzika kuanzia Oktoba hadi Januari, basi. Gharama yake ni mifuko, mbegu na mtu wa kumwagilia. Faida ni ya haraka lakini kila jirani akianza kitalu bei inashuka.

Majani mabichi ndiyo soko ninalolipenda, na watu wanalidharau. Mama anayeuza sombe (majani ya muhogo) na lengalenga katika mitaa yetu ya Katuba au Kenya anaweza kuongeza mafungu ya moringa bila gharama yoyote, kama ana miti mitano nyumbani. Kazi ni kuwafundisha wateja. Yanapikwa kama matembele, na karanga zilizotwangwa au mawese, kando ya bukari (ugali). Mafuta hayo yanasaidia mwili kupokea vitamini A. Uchungu kidogo wa majani makubwa unaondoka ukiyachemsha mara moja. Mafungu yanayouzwa kila siku yanalisha nyumba kuliko chupa ya unga inayokaa rafuni miezi mitatu.

Unga una bei nzuri kwa kilo, lakini fikiria: kilo moja inataka majani mabichi kilo 7 au zaidi, maji safi, kivuli, wavu, kinu, ungo na vifungashio. Ukitaka kuingia kwenye maduka makubwa, watakuuliza karatasi za OCC, ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua bidhaa. Anza na watu wanaokufahamu, parokiani, shuleni, kazini, na uone kama wanarudi kununua mara ya pili. Mtu akinunua mara ya kwanza ni kwa sababu ya maneno yako, ya pili ni kwa sababu ya unga.

Mbegu zina wanunuzi watatu: wenye vitalu, wakamuaji wa mafuta, na wanaozitafuna wakidhani ni dawa.

Jinsi gani ya kukausha majani yasipoteze kitu?

Osha kwa maji ya bomba au ya kisima kirefu, yaloweke dakika chache katika maji yenye chumvi kidogo, suuza. Yatandaze juu ya wavu, tabaka jembamba, ndani ya chumba chenye hewa, mbali na jua. Jua linaua vitamini A na kuyafanya yawe kahawia. Yakivunjika kama karatasi kavu, twanga, chekecha, funga mahali pasipopita mwanga wala hewa. Tumia ndani ya miezi sita.

Shida ya hapa ni kwamba majani yanajaa Januari na Februari, wakati hewa imelowa na kila kitu kinaota ukungu. Na kiangazi, hewa ikiwa kavu kama mfupa, majani hayapo. Miezi ya kukausha vizuri ni Aprili, Mei na Oktoba. Vuna nyingi mwishoni mwa Machi uwe na machipukizi mapya Mei kabla ya baridi. Unga ukinuka kama nguo zilizokaa na unyevu, utupe kwenye mboji. Usimpe mtoto, usimpe mteja.

Na mafuta?

Kiini cha mbegu kina mafuta asilimia 30 hadi 40, ya manjano hafifu, yasiyochacha upesi. Zamani yalitumika kulainishia saa. Mashine ya mkono haiyatoi yote. Bila miti mamia kadhaa usinunue mashine, ungana na wenzako. Mabaki yanayobaki baada ya kukamua ni mbolea nzuri.

Naweza kupata makala kutoka moringa?

Hapana. Mti wake ni laini kama sifongo. Hautaokoa msitu wa miombo unaokatwa kuzunguka mji.

Mbegu zinasafisha maji kweli?

Zinayafanya yawe maangavu. Protini ya kiini inashika matope na kuyazamisha chini, na vijidudu vingi vinazama pamoja nayo, lakini si vyote. Kwa maji machafu sana, mbegu moja kwa lita: menya, ponda iwe unga, koroga na maji kidogo, chuja ndani ya ndoo, koroga kwa nguvu dakika moja na taratibu dakika tano au zaidi, kisha acha saa moja au mbili bila kutikisa. Mimina ya juu. Halafu chemsha au tia dawa ya klorini. Mahali ambapo kipindupindu kinajulikana, hatua hii ya mwisho hairukwi. Na usitegemee mbegu hizi kwa maji yenye madini ya viwandani.

Inatibu kisukari, presha, UKIMWI?

Ni mboga, na ni mboga bora: protini, kalsiamu, chuma, vitamini A. Mtu anayetumia dawa za hospitali aendelee nazo, na amwambie munganga (daktari) wake kwamba anakula moringa kila siku, hasa kama dawa zake ni za sukari au presha. Mizizi na gome visitumike kabisa, vina sumu. Mjamzito avikwepe hata kwa kipimo kidogo.

Mifugo inakula?

Mbuzi, sungura, nguruwe, wote. Kuku wapewe unga wa majani usiozidi sehemu moja katika sehemu kumi za chakula chao. Na kinyesi chao kirudi chini ya miti: hapo ndipo ile hesabu ya nitrojeni inapoanza kusawazika.

Ndugu yangu yuko Goma, mwingine Bukavu. Niwatumie mbegu?

Miji yote miwili iko karibu mita 1,500 na ina ubaridi mwaka mzima. Itaota, lakini itakua kwa uvivu. Kama wana shamba Uvira au kwenye bonde la Ruzizi, ambako ni chini na kuna joto, watume huko.

Nasafirisha miche hadi Likasi kwa basi. Itafika?

Njia ni kama kilomita 120, kwa hiyo itafika, ukiitendea kama kuku na si kama mahindi. Mwagilia jioni ya kuamkia safari, si asubuhi, ili mifuko isiwe mizito na udongo usimwagike. Punguza nusu ya majani. Isimamishe ndani ya kreti au boksi, ibane kwa nyasi, na umwombe konda isikae juu ya paa, upepo wa barabarani unaikausha kuliko jua. Ukifika, iache kivulini siku tatu kabla ya kuipanda.